Ottilia Wawili

Mwalimu Hildegardi Kapinga alikuwa mtu wa hesabu, na hakupenda kuona kazi moja ikifanywa mara mbili. Kompyuta sita zilipofika shuleni mwaka 1998, zimeviringishwa kwenye mablanketi ya msaada kutoka parokia rafiki ya Ujerumani, walimu wenzake waliziona kama taipureta zenye televisheni juu. Yeye aliona zaidi ya hapo. Alikwenda Dar es Salaam kwa kozi ya miezi mitatu, akarudi na kitabu kimoja cha fotokopi, kurasa zimefifia, kilichofundisha kuandika programu kwa lugha ya BASIC. Alikisoma kama mama zake walivyosali novena: kila siku, kwa mpangilio, bila kuruka.

Shule ilikuwa ya sekondari, ya bweni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mbinga mjini. Umeme haukuwepo. Jenereta iliwashwa saa kumi alasiri na kuzimwa saa kumi na mbili, na saa hizo mbili ndizo alizopewa Hildegardi. Jumatatu na Jumatano aliwafundisha wanafunzi. Ijumaa aliwafundisha walimu wenzake, sita kwa jumla, baadhi yao wakiogopa kugusa kibodi kana kwamba ina moto. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa mbele ya mashine kabla ya kuandika programu yake kwenye daftari, kwa penseli, mstari kwa mstari.

"Mashine haijui unachotaka," aliwaambia. "Inajua ulichosema tu."

Katika kidato cha nne cha mwaka 1999 walikuwamo wasichana wawili walioitwa Ottilia Komba. Hakuna aliyeshangaa. Katika milima ile majina ya ubatizo yanatoka kwenye kalenda moja ya watakatifu, na koo ni zile zile. Kila darasa lina watu wake wa jina moja. Mmoja alitoka Lituhi, binti wa mvuvi, mrefu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mwingine alitoka Kingerikiti, binti wa mkulima wa kahawa, mfupi, mwenye kusema polepole kama anayepima kila neno. Wenzao waliwaita Ottilia wa Ziwa na Ottilia wa Mlima. Walilala kitanda kimoja cha ghorofa, wa Ziwa juu, wa Mlima chini, na sabuni walikata kipande kimoja wakagawana.

Ottilia wa Mlima ndiye aliyekuwa jicho la Hildegardi katika darasa la kompyuta. Wengine walipenda kuona maandishi yakitokea kwenye skrini. Yeye alipenda daftari. Mwenzake akikwama, alichukua daftari lake, akasoma kimya, kisha akaweka kidole mahali. "Hapa umeiambia irudi, lakini hukuiambia iache lini." Hata walimu wa Ijumaa walianza kumwita, kwa aibu kidogo, na yeye aliwaelekeza akiwa amesimama, mikono nyuma, akiwaita mwalimu kila baada ya maneno matatu.

Mwezi wa tatu mwaka ule ulifika wakati wa kupeleka orodha ya watahiniwa wa mtihani wa taifa. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi hiyo ilifanywa na mwalimu wa taaluma, mzee Othmar Ndunguru, kwa rula na kalamu ya wino, na ilimchukua wiki mbili. Hildegardi aliingia ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Urbani, akaomba safari hii orodha itengenezwe na darasa la walimu. Ingekuwa zoezi la kweli, alisema. Wangeandika majina, programu ingeyapanga kwa alfabeti, printa ingetoa. Siku mbili tu.

Mwalimu Urbani alipenda mambo mapya. Alikubali kabla chai yake haijapoa.

Walimu sita waligawana kurasa za rejista. Lakini mkanganyiko ulitokea: wawili wakachukua kurasa zile zile, na majina kumi na moja yakaingia mara mbili. Walimu walicheka. Mmoja akapendekeza wayafute moja moja. Hildegardi akasema hapana, hiyo si kazi ya mtu. Alikaa akaandika mistari minne. Iliiambia mashine ichukue jina la ubatizo na jina la ukoo, ilinganishe na yaliyotangulia, na kama yamefanana, ilifute la pili. Jina la baba aliliacha nje ya ulinganisho, maana walimu wengine waliliandika kwa kirefu na wengine kwa herufi moja, lingemharibia kazi.

Rejista ilikuwa na wanafunzi themanini na wanne. Kijana mmoja, Nazari, alikuwa hajarudi tangu Krismasi na habari zilisema ameacha shule. Kwa hiyo walitarajia themanini na watatu. Printa ilipokwisha kulia, Hildegardi alitazama namba chini ya ukurasa: themanini na tatu.

"Imekubali," alisema, na walimu wakapiga makofi.

Mzee Othmar, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliichukua ile karatasi, akaishika mbali na macho yake.

"Majina yamesomwa?"

"Programu imeyasoma yote, Mwalimu."

Othmar alimtazama kidogo. Kisha akatoa kalamu akatia saini.

Kumbe jina la Nazari lilikuwa bado limo. Mwalimu aliyeandika ukurasa wake hakuwa na habari kwamba kijana ameacha shule. Aliyekosekana alikuwa mwingine.

Namba za mtihani zilirudi mwezi wa tisa. Zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, na kidato cha nne kizima kikasongamana hapo, kila mmoja akitafuta jina lake kwa kidole. Hildegardi alikuwa akisahihisha madaftari ndani. Alisikia kelele, kisha kelele zikapungua, kisha Ottilia wote wawili wakasimama mbele ya meza yake wameshikana mikono.

"Shikamoo mwalimu," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Tumetafuta," alisema wa Ziwa. "Yuko Ottilia mmoja."

Hildegardi alitoka nao. Alisoma orodha kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Komba, Ottilia, na mbele yake tarehe ya kuzaliwa. Ilikuwa ya binti wa Lituhi, aliyeandikwa kwanza. Hakuhitaji kurudi kwenye kompyuta kuangalia. Alisimama pale juani na mistari yake minne ikampitia kichwani mmoja baada ya mwingine, hadi wa nne, ule uliosema lifutwe la pili.

Siku ya pili alipanda gari la alfajiri kwenda Songea. Afisa elimu aliyempokea mkoani alikuwa mtu mpole. Alimkaribisha kiti, akapiga simu Dar es Salaam mbele yake, akangoja, akapiga tena. Alipoweka simu chini alitikisa kichwa. Orodha ilikwisha kufungwa tangu mwezi wa sita, karatasi zimekwisha kuhesabiwa kwa kila kituo. Hildegardi aliuliza kuhusu namba ya Nazari, ambayo ingekaa bure. Afisa akamjibu kwamba namba haihamishwi, mwalimu, hata ya marehemu haihamishwi.

"Mwakani," alisema. "Atafanya mwakani. Mwaka mmoja si mwingi."

Aliporudi, Mwalimu Urbani alikuwa ameshapata namna ya kulimaliza. Alimwita ofisini akafunga mlango.

"Tutawaandikia wazazi kwamba kompyuta ilipata hitilafu. Watu watatuelewa. Kila mtu anajua mitambo huharibika."

"Haikuharibika, Mkuu. Ilifanya nilivyoiambia."

"Nani atakuuliza hilo? Bodi inakutana mwezi ujao. Ukisema ni wewe, watayafunga yale madarasa yako. Hao wanafunzi wako wengine watapata faida gani?"

Hildegardi alifungua mlango akatoka. Jioni ile jenereta ilipowashwa aliingia chumba cha kompyuta peke yake, akaitoa programu yote kwenye printa, kurasa tatu. Hakujua anaitoa ili afanye nini. Alipoinua macho, Ottilia wa Mlima alikuwa mlangoni. Ilikuwa Jumatano, siku yao, ingawa hakuna mwingine aliyekuja.

"Naomba kuziona, mwalimu."

Alimpa. Msichana alikaa kwenye benchi, akazisoma kama alivyosoma madaftari ya wenzake, bila haraka, midomo ikicheza kidogo. Ukurasa wa kwanza aliuweka pembeni. Wa pili ukamchukua muda. Kisha akaweka kidole.

"Ni hapa uliponifuta."

"Ndiyo."

"Ungeongeza tarehe ya kuzaliwa tu. Jina na tarehe."

"Ndiyo, Ottilia."

Msichana aliendelea kuutazama ule mstari. "Ni kosa dogo," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyotumia kuwaelekeza walimu wa Ijumaa. Kisha uso wake ukakunjamana kama wa mtoto, akalia bila kujifunika, machozi yakidondokea karatasi, na Hildegardi akakaa kando yake asijue kama ana haki ya kumshika bega. Hakumshika.

Mzee Othmar alimkuta kesho yake kwenye ngazi za kanisa, baada ya misa ya asubuhi. Hildegardi alidhani amekuja kumsuta, na alijiambia atayapokea yote. Mzee alikaa, akavua kofia.

"Mwaka sabini na nane nilimruka kijana mmoja," alisema. "Adrian Nchimbi. Nilikuwa nimefika mwisho wa ukurasa, mtu akaniita, niliporudi nikaanza ukurasa mpya na jina la baada yake. Wino na rula, kama unavyonijua."

"Ikawaje?"

"Niliwaambia jina limepotea njiani, kwenye posta. Waliniamini. Baba yake alikuja hapa akanishukuru kwa kufuatilia." Alikuna goti lake. "Alinishukuru, Hildegardi. Aliniletea kuku."

"Na kijana?"

"Alikwenda Tunduru kutafuta maisha. Sijui zaidi. Nilikuwa na nafasi ya kujua, sikutaka." Alivaa kofia yake. "Na safari hii nimetia saini bila kusoma, kwa sababu miwani ilikuwa nyumbani nami sikutaka vijana mnione nimezeeka. Basi hatupo mbali, mimi na wewe."

Akaondoka. Jumamosi ile Hildegardi alipanda lori la mizigo pamoja na Ottilia wa Mlima kuelekea Kingerikiti, wakashuka njiapanda, wakatembea saa mbili nzima kati ya mashamba ya ngoro, yale mashimo ya Kimatengo yanayofunika mlima kama sega la nyuki. Walizungumza kidogo sana. Ottilia alimbebea mkoba, ingawa alimkataza.

Baba yake, Kilian Komba, alikuwa nyuma ya nyumba akikata mibuni kwa panga. Hakuwa akipunguza matawi, aliikata hadi shina. Tangu wanunuzi binafsi walipoingia na chama cha ushirika kufa, kila msimu ulileta bei yake, na ya mwaka ule ilimshinda uvumilivu. Aliosha mikono, akamkaribisha mwalimu ndani, akamwita mkewe, Mama Ottilia, aliyeleta maji ya kunawa na sahani ya viazi vya kuchemsha.

Hildegardi hakugusa viazi. Alisema yaliyompeleka, kwa maneno machache, tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye jina lililofutwa, Kilian aliinua mkono.

"Mashine yenu imeharibika."

"Hapana, Baba Ottilia. Mashine ni nzima. Mimi ndiye niliyeiandikia la kufanya, na niliandika vibaya. Mimi ndiye niliyemwondoa mwanao."

Mama Ottilia aliangalia mikono yake. Kilian alimgeukia binti yake akamwuliza jambo kwa Kimatengo, upesi na kwa sauti ya chini, na Ottilia akajibu kwa neno moja.

"Nimemwuliza kama ulifanya makusudi," Kilian alisema. "Amesema hapana. Basi." Alivuta pumzi. "Ungeniambia mashine, mwalimu, ningelala. Mashine siijui, siwezi kuikasirikia. Sasa wewe nakujua. Umekaa kwenye kiti changu."

"Naelewa."

"Sijui kama unaelewa. Lakini umekuja kwa miguu." Akamtazama binti yake. "Atafanya lini?"

Hildegardi akamweleza alivyopanga: Januari Ottilia angekuja kukaa nyumbani kwake, angesoma, angeandikishwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, wasitoe chochote. Kilian alikubali bila kumshukuru, na Hildegardi alifurahi kwamba hakumshukuru.

Bodi ilipokutana aliwaambia vile vile alivyosema Kingerikiti. Mwalimu Urbani aliinamia karatasi zake. Chumba cha kompyuta kilifungwa siku ile ile kwa kufuli, na wanafunzi thelathini na walimu sita waliokuwa katikati ya masomo wakabaki na madaftari yao ya penseli. Hakuna aliyemlaumu usoni. Mwezi wa kumi na moja kidato cha nne kikaingia kwenye mtihani. Ottilia wa Ziwa alitoka siku ya kwanza macho yamevimba. Alikuwa amelala peke yake kwenye kile kitanda tangu mwenzake arudi nyumbani, na alisema alisikia aibu kuandika jina lake juu ya karatasi.

Januari Ottilia wa Mlima akaja, na godoro lake likawekwa sebuleni kwa Hildegardi. Safari hii fomu iliandikwa kwa mkono, majina yote matatu, ikasomwa mara tatu na Hildegardi na mara moja na mzee Othmar, miwani usoni. Namba ilirudi ikiwa na jina lake. Msichana alisoma kwa bidii, ingawa hakuuliza hata siku moja kuhusu kompyuta, na Hildegardi hakuzitaja.

Mwaka mmoja, afisa alisema, si mwingi. Lakini mwaka huo ulikuwa na mambo yake ndani. Mwezi wa nane Mama Ottilia alianza kuumwa tumbo. Mwezi wa kumi alilazwa hospitali ya misheni, akafanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani. Alifariki Alhamisi, na mtihani ulikuwa uanze Jumatatu. Hildegardi alikwenda mazishini. Alimwona Ottilia amekaa chini na mama zake wadogo, mdogo wake wa mwisho, mtoto wa miaka miwili, amelala mapajani mwake, na alijua kabla ya kuuliza. Hata hivyo aliuliza, kando, karibu na zizi.

"Nikiondoka huyu nimwachie nani?" Ottilia alisema. Hakukuwa na ukali katika sauti. Aliuliza kama anayetaka jibu kweli.

Wadogo zake walikuwa wanne. Mwaka uliofuata Hildegardi alimwandikia Ottilia barua mbili. Ya kwanza ilijibiwa kwa salamu, ya pili haikujibiwa.

Mwalimu Urbani alihamishwa. Mkuu mpya alivunja kufuli lile baada ya miaka mitatu, wakakuta panya wamekula nyaya na unyevu umeziua kompyuta nne. Hildegardi alianza tena na mbili zilizobaki, na wanafunzi wanne wanne kila mashine. Alifundisha vizuri, watu walisema; baadhi ya vijana wake walifika vyuo vikuu. Umeme ulifika shuleni, simu za mkononi zikaja, na wilaya ikamwomba azunguke kufundisha walimu wa shule nyingine. Akazunguka.

Mwaka 2012, alipokuwa akienda Lituhi kwenye semina ya walimu, gari lao lilisimama Ngaka, pale malori ya makaa ya mawe yanapopanga foleni. Dereva alitaka kula. Vibanda vya mama lishe vilikuwa vitano, vyeusi kwa vumbi la makaa. Hildegardi alikaa kwenye benchi la kibanda cha kwanza bila kuchagua, na mwanamke mfupi aliyekuja kufuta meza akasimama na kitambaa mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Ottilia."

Alimletea wali na usipa, dagaa wa ziwani. Halafu, kwa kuwa madereva wengine walikuwa wakila kimya, akakaa upande wa pili wa meza. Wadogo zake wamekua, alisema. Wa mwisho yuko kidato cha pili. Baba yupo, amezeeka, analima mahindi tu. Yeye aliolewa, mume akaenda zake. Ana mabinti wawili. Ottilia wa Ziwa ni muuguzi Mbamba Bay, alikuja kumwona mara moja, wakakosa la kuzungumza.

"Na wewe, mwalimu? Bado kompyuta?"

"Bado. Ndizo ninazokwenda kufundisha sasa hivi."

Ottilia aliitika kwa kichwa. Alikung'uta punje ya wali kwenye meza.

"Nilikuchukia miaka mingi," alisema. "Nikawa naamka nao, ule mstari, naurekebisha kichwani. Natia tarehe ya kuzaliwa, naiendesha tena, jina langu linatoka. Kila asubuhi. Siku hizi naamka saa kumi kuwasha moto, kichwa hakina nafasi."

"Nisamehe, Ottilia."

"Uliniomba zamani. Ulimwomba na baba." Alisema bila uchungu, na bila kusema kama amesamehe. Mtu wa lori alimwita kutaka chai. Akainuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaenda.

Hildegardi alimaliza chakula chake chote, kwa sababu kukiacha kungekuwa tusi. Dereva alipiga honi. Alikwenda nyuma ya kibanda kuaga, akamkuta Ottilia ameinamia sufuria, moshi ukimpiga usoni, wateja watatu wakimngoja. Wakaagana kwa mikono, haraka, mikono ya Ottilia ikiwa imelowa maji.

Walimu arobaini walikuwa wakimngoja Lituhi, ukumbini, madaftari mapya mbele yao. Alifika amechelewa saa nzima. Aliweka mkoba juu ya meza, akachukua chaki, akageukia ubao, na kwa muda mrefu hakuandika kitu. Nyuma yake mtu alikohoa. Mwalimu mmoja kijana akainuka akamwuliza, kwa adabu, kama anaumwa, na kama wamletee maji.

"Niletee, mwanangu," Hildegardi alisema, akivuta kiti akae.